Onyo lililokaa wiki tisa bila kusomwa: kisa cha michango iliyorudi nyuma saa tatu

Kisa hiki kinahusu mfumo wa kupokea michango ya wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo jijini Nairobi. Majina, njia ya magari na baadhi ya tarakimu vimeondolewa au kubadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mfuatano wa mambo na sababu zake za kiufundi vimeachwa vilivyo.

Usuli

Wanachama wengi wa chama hiki ni madereva na makanga wa matatu. Hesabu ya siku hufungwa gari likishalala, mara nyingi kati ya saa tano na saa nane usiku, na hapo ndipo mtu hutuma akiba yake kwa M-Pesa kupitia nambari ya Paybill ya chama. Kanuni ya chama inasema mchango wa mwezi uingie kati ya tarehe 1 na tarehe 5. Asiyechanga hutozwa faini, na faini hiyo hukatwa na mfumo wenyewe asubuhi ya tarehe 6. Wapo wanaolipa usiku wa kuamkia tarehe 1, saa sita ikishapita tu, ili wasije wakasahau.

Mfumo umeandikwa kwa lugha ya Python 3.11 na Django 4.2, fremu ya kujengea mifumo ya wavuti, na data iko kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Una majaribio ya kiotomatiki kama 640 yanayoendeshwa na pytest, zana ya kujaribu msimbo wa Python, kila msimbo mpya unapopelekwa kwenye seva ya majaribio. Timu ni watengenezaji wanne na mkaguzi mmoja wa ubora.

Kila rekodi ya mchango ina nyuga mbili za wakati. `ililipwa` hutoka kwenye taarifa ya malipo ambayo M-Pesa hutuma kwa seva ya chama. Huko wakati huja kama tarakimu 14 zilizoshikana, mwaka hadi sekunde, bila kutaja ukanda wa saa. `ilipokelewa` huandikwa na mfumo wenyewe taarifa inapoingia. Mwezi wa mchango ulikuwa ukihesabiwa kwa `ilipokelewa`.

Kilichotokea

Mapema Februari timu ilitoa toleo jipya. Awali michango ilikuwa ikiingizwa kwa mkupuo kila jioni. Toleo hili liliiingiza papo hapo. Mstari mmoja wa msimbo mpya uliandika `ilipokelewa = datetime.utcnow()`.

Majaribio yote yalipita. Mstari wa mwisho wa ripoti ulisema kwamba kulikuwa na maonyo 412, yaani taarifa za tatizo zisizoangusha jaribio, lakini orodha yake haikuonekana, kwa sababu miezi kadhaa nyuma mtu alikuwa ameongeza `--disable-warnings` kwenye amri ya seva ya majaribio. Chaguo hilo huficha orodha ya maonyo na kuacha idadi yake tu. Liliongezwa kwa nia njema: ripoti ilikuwa imerefuka hadi jaribio lililoanguka likawa halionekani.

Mwezi wa Machi wanachama wanne walitozwa faini wakiwa wamelipa. Mhasibu aliziondoa faini hizo kwa mkono, akidhani ni taarifa zilizochelewa njiani. Tarehe 6 Aprili walikuwa 11, na safari hii walikuja ofisini na simu zao. Ujumbe wa M-Pesa wa mmoja wao ulionyesha malipo ya tarehe 1 Aprili, 1:12 AM. Kwenye mfumo mchango huohuo ulisomeka tarehe 31 Machi, 22:12.

Tofauti ilikuwa saa tatu kamili. Hapa mazungumzo yalikwama kidogo, kwa kuwa mhasibu alisema "saa saba usiku" na mtengenezaji akasikia 07:00. Yeyote aliyewahi kusaka kosa la saa akiwa na wenzake wanaozungumza Kiswahili anaijua hali hii: kati ya saa tunayoitamka na saa ya simu kuna sita, na kati ya Nairobi na UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, kuna tatu. Timu iliamua kwamba katika kisa hiki kila wakati uandikwe kwa mtindo wa saa 24, na ukanda wake utajwe kando. Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka.

Mkaguzi wa ubora aliendesha majaribio kwenye kompyuta yake bila `--disable-warnings`. Orodha ilijaa mistari ya aina moja:

```
RuntimeWarning: DateTimeField Mchango.ilipokelewa received a naive datetime (2024-04-08 09:14:03.118204) while time zone support is active.
```

Onyo lilikuwa limesema neno lenyewe tangu siku ya kwanza: uga huu umepewa wakati usiotaja ukanda wake.

Kwa nini majaribio yalipita

Django inapopewa wakati usio na ukanda huku `USE_TZ`, mpangilio wa kutumia kanda za saa, ikiwa imewashwa, haikatai. Hutoa onyo, kisha huuchukulia wakati huo kuwa wa ukanda ulioandikwa kwenye `TIME_ZONE`.

Kwenye seva ya kazi, ile inayopokea michango halisi, `TIME_ZONE` ilikuwa `Africa/Nairobi`. `datetime.utcnow()` hutoa saa ya UTC lakini haiandiki popote kwamba ni UTC. Kwa hiyo malipo ya 01:12 ya Nairobi yalitoka kama 22:12 ya siku iliyotangulia, na Django ikaamini kwamba hiyo ni 22:12 ya Nairobi. Rekodi ilirudi nyuma saa tatu. Mchana hasara haionekani, maana tarehe haibadiliki. Anayeumia ni anayelipa kati ya 00:00 na 02:59, na akiwa amelipa tarehe 1, mchango wake unahamia mwezi uliopita.

Kwenye majaribio kulikuwa na faili tofauti ya mipangilio, na humo `TIME_ZONE` ilikuwa bado `UTC`, thamani ambayo Django huiandika mradi unapoanzishwa. Saa ya UTC ikachukuliwa kuwa ya UTC, na jibu likawa sahihi. Yalikuwepo majaribio matatu yaliyolinganisha `ilipokelewa` na wakati halisi, na yote matatu yalipita kwa haki katika mazingira yasiyofanana na ya kazi. Mkaguzi alipobadilisha mstari huo mmoja kuwa `Africa/Nairobi`, yote matatu yalianguka hapohapo.

Uga wa pili, `ililipwa`, ulikuwa na onyo lilelile na hali ya kinyume. Tarakimu 14 zilisomwa kwa `strptime`, kitendakazi cha Python cha kugeuza maandishi kuwa wakati, nao wakati ukatoka bila ukanda. Kwa kuwa M-Pesa huandika saa ya Nairobi, seva ya kazi ilipata jibu sahihi kwa bahati, na mazingira ya majaribio yakapata jibu lisilo sahihi ambalo hakuna jaribio lililolitazama. Maneno ya onyo yalikuwa sawa kote, lakini mahali pamoja palikuwa na madhara na pengine hapakuwa nayo. Hata hivyo timu ilitengeneza zote mbili, na ilifanya vyema. Msimbo unaotegemea bahati ya mipangilio utavunjika siku mtu atakapohamisha seva.

Maamuzi

*La kwanza: kuziba tundu.* `datetime.utcnow()` iliondolewa ikawekwa `timezone.now()` ya Django. Kwa tarakimu za M-Pesa, matokeo ya `strptime` yaliongezewa `.replace(tzinfo=ZoneInfo("Africa/Nairobi"))`. Pendekezo la kwanza la mtengenezaji lilitumia `pytz`, maktaba ya nje ya kanda za saa, kwa mtindo huohuo wa `replace`, na likazuiwa wakati wa ukaguzi. Ukifanya hivyo na `pytz`, Nairobi hupata tofauti ya saa 2 na dakika 27 badala ya 3, kwa sababu `pytz` hushika ingizo la kwanza la ukanda huo, yaani saa ya jua iliyotumika kabla ya saa rasmi. Anayelazimika kutumia `pytz` atumie `localize()`. `zoneinfo` iliyomo ndani ya Python tangu 3.9 haina mtego huo.

Jaribio jipya liligandisha saa kwa `freeze_time("2024-03-31 22:12:00")`, ambayo freezegun, maktaba ya kugandisha saa, huisoma kama UTC, na kudai mchango uhesabiwe mwezi wa 4. Faili ya mipangilio ya majaribio nayo ilipewa `Africa/Nairobi`.

*La pili: kugeuza maonyo yote kuwa makosa.* Timu iliondoa `--disable-warnings` na kujaribu `pytest -W error`. Ilishindikana mara moja. Maktaba kadhaa za nje zilitoa maonyo ya vitu vinavyokaribia kuondolewa wakati wa kuingizwa tu, na pytest ikasimama kabla ya kuendesha hata jaribio moja. Njia hii iliwekwa kando kwa muda, na huo ulikuwa uamuzi mzuri: laiti wangeendelea, wiki nzima ingekwisha kwa maonyo ya watu wengine huku lile lililowaumiza wanachama likingoja foleni.

*La tatu: kukaza kwa moduli zao pekee.* Waliandika kichujio `error:::malipo` kwenye faili ya mipangilio ya pytest, wakimaanisha kwamba onyo lolote la moduli ya `malipo` liangushe jaribio. Ili kupima uzio huo, mkaguzi alirudisha `utcnow()` kwa makusudi. Majaribio yalibaki ya kijani.

Sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Sehemu ya moduli katika kichujio hailinganishwi na msimbo uliosababisha onyo, bali na mahali onyo linapohesabiwa kutokea, na hapo huamuliwa na `stacklevel`, namba ambayo mtoaji wa onyo huiweka kusema lihesabiwe hatua ngapi nyuma yake. Onyo hili la Django hutolewa bila `stacklevel`, kwa hiyo huhesabiwa kuwa limetoka `django/db/models/fields/__init__.py`. Kichujio cha `malipo` hakikuligusa. Hilo pia ndilo lililowapumbaza watengenezaji tangu mwanzo: orodha ilitaja faili ya Django, nao wakaamini kwamba tatizo ni la Django.

*La nne: kukaza kwa maneno na aina ya onyo.*

```
[pytest]
filterwarnings =
    error:DateTimeField .* received a naive datetime:RuntimeWarning
```

Katika faili, sehemu ya maneno husomwa kama ruwaza na hulinganishwa kuanzia mwanzo wa onyo. Ukiipeleka ruwaza hiyohiyo kwenye amri kwa `-W`, itasomwa herufi kwa herufi, `.*` haitakuwa na maana yoyote, na hutapata taarifa kwamba haijashika kitu.

Majaribio 61 yalianguka. Mengi yalikuwa na data ya mfano iliyoandikwa `datetime(2024, 1, 5)` ndani ya jaribio lenyewe. Mtengenezaji mmoja alipendekeza data hiyo iruhusiwe kutoa onyo. Wenzake walikataa: ukishaacha mlango kwa majaribio, huwezi tena kutofautisha onyo la data ya mfano na onyo la msimbo. Waliandika kitendakazi kidogo cha kutengeneza wakati wa Nairobi, wakasahihisha yote 61 kwa siku mbili.

*La tano: kutafuta makosa yaliyomezwa.* Mkaguzi alirudisha tena `utcnow()`. Safari hii majaribio mengi yalianguka, lakini lile linalopitia mlango wenyewe wa kupokea taarifa za M-Pesa lilipita. Msimbo wa mlango huo ulikuwa umefungwa ndani ya `except Exception`, unaandika kosa kwenye logi (kumbukumbu ya matukio ya mfumo) na kujibu 200, yaani "imepokelewa salama", ili taarifa moja mbovu isiuzibe mlango. Onyo likigeuzwa kosa huwa ni kizazi cha `Exception` kama mengine, kwa hiyo lilikamatwa na kuzikwa humo. Jaribio lilitazama jibu 200 tu.

Suluhisho lilikuwa kipande kinachojiendesha kwa kila jaribio:

```
@pytest.fixture(autouse=True)
def hakuna_kosa_lililozikwa(caplog):
    yield
    makosa = [r for r in caplog.get_records("call")
              if r.levelno >= logging.ERROR]
    assert not makosa, [r.getMessage() for r in makosa]
```

`caplog` ni chombo cha pytest cha kushika logi, na `get_records("call")`, inayotoa rekodi za hatua ya jaribio lenyewe, ni ya lazima hapa. Baada ya `yield`, `caplog.records` huwa na rekodi za hatua ya kufunga tu, na kipande kizima kingekuwa pambo. Logi zenye `propagate` (kupitisha ujumbe kwa logi ya juu) iliyozimwa nazo hazifiki kwa `caplog`. Timu ilipata moja ya namna hiyo na kuiwasha katika mipangilio ya majaribio. Majaribio yanayotarajia kosa kwenye logi yalipewa alama maalumu ili yaachwe. Yalikuwa manane.

*La sita: kurudi kwenye maonyo yote.* Mwezi mmoja baadaye, timu ikiwa imesasisha maktaba zilizowezekana, faili ilifika hapa:

```
filterwarnings =
    error
    ignore:maneno ya mwanzo ya onyo:DeprecationWarning:jina_la_maktaba
```

Mpangilio una maana: mstari wa chini hushinda wa juu, hivyo `error` hutangulia na ruhusa hufuata. Kila ruhusa ilitakiwa itaje maneno, aina na moduli, na juu yake pawe na maelezo ya sababu na toleo la maktaba litakaloiondoa. Zilibaki ruhusa tano.

Kurekebisha data

Rekodi zilizopotoka zilikuwa za wiki tisa. Wazo la kwanza lilikuwa kuongeza saa tatu kwa kila rekodi ambayo `ilipokelewa` imeitangulia `ililipwa` kwa karibu saa tatu. Lingeacha baadhi nje: taarifa iliyochelewa dakika 40 kwenye mtandao ingeonyesha tofauti ya saa 2 na dakika 20. Badala yake walitumia wakati wa kutolewa kwa toleo la Februari na wakati wa marekebisho, wakachagua rekodi zote zilizoingia kupitia mlango wa papo hapo kati ya nyakati hizo, na kuongeza `interval '3 hours'` ndani ya muamala mmoja wa PostgreSQL, nakala ya jedwali ikiwa imeshachukuliwa. Tofauti ya nyuga mbili ilitumika baadaye kama ukaguzi tu. Rekodi tisa zilizotia shaka zililinganishwa moja moja na logi ya seva ya wavuti.

Matokeo

Faini 11 za Aprili zilirudishwa. Kisha mhasibu alipewa orodha ya Machi, ikaonekana kwamba kulikuwa na wanachama wengine watatu waliotozwa na hawakulalamika. Nao walirudishiwa na kupigiwa simu. Mwezi wa mchango sasa huhesabiwa kwa `ililipwa`, kwa kuwa haki ya mwanachama inatokana na saa aliyolipa yeye. Saa ambayo seva ilipata habari haimhusu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni tabia ya mkaguzi ya kurudisha kosa kwa makusudi kila baada ya uzio mpya. Bila hiyo, `error:::malipo` ingebaki kwenye faili kama kinga, na mlango wa M-Pesa ungeendelea kumeza makosa. Kichujio cha maonyo ambacho hakijawahi kuangusha jaribio hakijathibitishwa kwamba kinafanya kazi. Kupima kulichukua dakika kumi kila mara.

Kuanza na onyo moja lililotajwa kwa maneno yake pia kulisaidia. Lilikuwa na mwisho unaoonekana: majaribio 61, siku mbili.

Kilichoshindwa kwanza ni `--disable-warnings`, ingawa anayelaumu chaguo hilo pekee anaacha nusu ya habari. Orodha ya maonyo 412 haisomwi hata ikionekana. Kwa kuwa maneno ya onyo hili hubeba wakati wenyewe ndani yake, pytest haikuweza kuyakusanya kama onyo moja lililorudiwa. Kila moja lilisimama peke yake. Kosa la mwanzo lilikuwa kuruhusu onyo la kwanza likae, kisha la kumi. Mradi mpya unaoanza na `error` hauna gharama hiyo.

La pili ni mipangilio miwili iliyotofautiana bila mtu kujua. Baada ya kisa hiki timu ililinganisha faili zote mbili mstari kwa mstari, ikapata tofauti nyingine mbili zisizo na sababu.

La tatu ni masahihisho ya kimyakimya ya mwezi wa Machi. Mhasibu alifanya wema, lakini ofisi haikuwa na utaratibu wa kumfikishia mtengenezaji habari kwamba mfumo umesahihishwa kwa mkono. Faini nne zilizofutwa zilikuwa ushahidi wa kutosha, mwezi mmoja mapema.

Kuna maonyo yanayotarajiwa kwa haki, mfano kitendakazi cha zamani kinachowaambia watumiaji wake wahamie kipya. Hayo hujaribiwa kwa `pytest.warns` pamoja na `match`, na kizuizi cha `with` kizunguke mstari mmoja tu. Kabla ya pytest 8, kizuizi hicho kilimeza kila onyo lililotokea ndani yake, hata lisilohusika. Kuanzia toleo la 8 yasiyolingana hutolewa upya. Timu ilikuwa kwenye 7, na ilipata vizuizi viwili vilivyofunika jaribio zima.

Kwenye seva ya kazi maonyo hayakugeuzwa makosa, maana malipo ya mtu hayapaswi kukataliwa kwa sababu ya maktaba kuukuu. Waliwasha `logging.captureWarnings(True)`, nayo huyapeleka kwenye logi iitwayo `py.warnings`, na mkaguzi huisoma kila Jumatatu.

Walipohamia Python 3.12, ambayo imeanza kutoa onyo kwa `utcnow()` yenyewe, onyo hilo lilihesabiwa kutoka kwenye mstari ulioiita, ndani ya msimbo wao. Majaribio yaliangusha sehemu nne za ripoti za kila wiki ambazo hazigusi Django kabisa. Hati mbili za usiku zisizo na majaribio zilipatikana kwa kutafuta neno hilo katika faili zote, `grep -rn utcnow`, peke yake, na moja kati yake ndiyo iliyokuwa ikiandaa orodha ya gawio.